Mbeba Maneno wa Brannock na Peel

Jumapili, 5 Februari 1911

Tumefika Erie saa tano asubuhi. Theluji hadi magotini. Nimebeba sanduku la Bwana Brannock hadi nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa. Nikarudi stesheni. Nikabeba sanduku la Bwana Peel hadi nyumba ya wageni iliyo kilimani, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, mwenye nyumba akinifuata nyuma akinionya nisikwaruze ukuta wake. Mgongo wangu! Mji wa ishirini na sita huu, na kila mji ni hivyohivyo. Wachekeshaji wengine wanaocheza wawili wawili hukaa nyumba moja, na vitu vyao huingia sanduku moja. Mbebaji wao hulala mchana. Mimi nimepata Brannock na Peel.

Niandike habari yao hapa, maana daftari hili ni jipya. La zamani lililowa supu.

Brannock na Peel wamechekesha watu pamoja miaka kumi na minne. Brannock ni mnene, mwekundu, ana kiganja kama koleo. Peel ni mrefu, mwembamba, ana sura ya mtu aliyeachwa na treni. Mchezo wao ni dakika kumi na nne. Brannock ni mwenye hoteli, Peel ni mgeni msumbufu. Peel anapigwa makofi matatu, halafu anammwagia Brannock supu ndani ya suruali. Mwisho Peel analalamika kuwa kitandani kuna kunguni. Brannock anamjibu, "Basi hutalala peke yako." Watu wanavunjika mbavu. Pazia.

Sasa, mwaka jana mwezi Machi, mjini Wheeling, Peel aliongeza neno. Brannock alipomaliza, Peel akasema, "Ndiyo, wameshaanza kuniita mjomba." Kicheko kikawa kikubwa maradufu, nacho kikaenda kwa Peel, na neno hilo limebaki mchezoni hadi leo. Kwa watu hawa, kuliko kumwibia mwenzako kicheko, afadhali umwibie farasi. Na siku hiyo pembeni ya jukwaa alikuwepo Ida, mcheza dansi ambaye Brannock alitaka kumposa jioni ileile. Ida alicheka mpaka akakaa chini. Brannock hakuposa. Ida ameolewa na daktari wa meno huko Dayton. Na Brannock na Peel hawajasemeshana tangu siku ile, ila jukwaani, maneno yaliyoandikwa tu. Pazia likishuka, kila mmoja ana ukuta wake wa kutazama.

Maneno mengine yote nayabeba mimi, pamoja na masanduku.

Leo, nikiwa kwenye ngazi za Peel, nimepumzika ghorofa ya pili, wazo likanijia. Kama maneno yote yanapita kinywani mwangu, basi kinywa ni changu. Wakipatana watakaa nyumba moja. Nyumba moja, sanduku moja, safari moja. Nitawapatanisha wiki hii. Najishangaa sikuwaza hivi Wheeling.

Jumatatu, 6 Februari

Onyesho la alasiri lilikwenda vizuri mno. Meneja, Bwana Truax, hukaa kiti cha nyuma kila Jumatatu akiwa na penseli, anaamua nani abaki na nani afungashe. Anayefukuzwa haambiwi neno. Anarudishiwa tu picha zake zilizobandikwa mlangoni. Leo mpiga zeze na mbwa wake wamerudishiwa picha. Sisi tumebaki, nafasi ya pili kutoka mwisho, nafasi ya wakubwa.

Kuna jambo zaidi. Bwana Truax ameniambia niwaambie (kila mtu ananiambia niwaambie) kwamba Ijumaa alasiri anakuja Bwana Harkness kutoka ofisi ya Chicago. Akicheka, Brannock na Peel wanapata wiki thelathini katika majumba makubwa ya Magharibi. Asipocheka, hakuna kitu, na mwaka ujao watakuwa wanachekesha katika maduka ya samani. Nikapeleka habari ziwani. Nikapeleka kilimani.

Hapo nikaanza kazi yangu. Brannock alinituma hivi: "We Lui, kamwambie yule mlingoti, akinikanyaga tena kidole, nitamkunja nimtie mfukoni." (Wananiita Lui. Jina langu ni Alojz Hribar, Mslovenia wa Ribnica, lakini hakuna Mmarekani aliyewahi kulimaliza.) Nikapanda kilima nikamwambia Peel: Bwana Brannock anasema usihangaike kuhusu kile kidole.

Peel alinitazama juu hadi chini. Akauliza kama Brannock amelewa. Nikasema hapana, ni mzima na mkunjufu. Akaniambia, "Basi mwambie hilo pipa lisijisumbue kunichekea, sina haja nalo." Nikashuka nikamwambia Brannock: Bwana Peel anashukuru, na anasema leo makofi yako yalikuwa ya kiungwana.

Brannock aliacha kunyoa. Povu likamkaukia shavuni.

Inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia!

Jumanne, 7 Februari

Maneno peke yake hayatoshi. Nimechukua soseji ya maini ya Brannock, ile anayoihifadhi dirishani kwenye baridi, nikampelekea Peel kama zawadi. Nilikula kipande njiani, kilima ni kirefu.

Peel aliishika ile soseji kwa mikono miwili. Akakaa kitandani. Akasema katika miaka kumi na minne Neely Brannock hajawahi kumpa mtu chakula, hata mama yake. Akauliza polepole, "Lui, niambie kweli. Anakohoa?" Nikasema kidogo, kama kila mtu. Akafunika uso. "Siku zake zimehesabiwa. Anataka kuniaga. Usimwambie kuwa najua."

Sikumwambia. Mimi si mtu wa kusengenya.

Nikashuka ziwani na salamu nzuri za Peel, nyingine zake, nyingine zangu. Brannock alisikiliza zote amesimama. Halafu akasema ameshaelewa. Peel amepata mwenzi mwingine, anataka kumwacha, na anatandika maneno matamu ili kutengana kusiwe na lawama. "Nilijua siku hii itakuja," akasema. "Usimwambie kuwa nimetambua. Mwache aondoke kwa heshima." Akageukia dirisha. Akauliza soseji yake iko wapi. Nikasema ndege.

Basi kila mmoja ana huruma na mwenzake. Nilitaka nini zaidi?

Jioni ndipo nilipoelewa kitu. Kwa kawaida Peel huniagiza kwa siri niichemshe supu. Inatakiwa iwe vuguvugu, ni maji tu na unga na karoti, lakini kwa miezi kumi na moja nimeichemsha hadi inatokota, na Brannock ameruka kweli, amepiga kelele kweli. Naye Brannock kwa miezi kumi na moja amempiga Peel makofi ya kweli, mpaka wakati mwingine namwekea theluji shavuni. Leo Peel ameniambia supu iwe ya uvuguvugu wa kumnawisha mtoto. Na Brannock alimpiga kofi kama anamfuta chembe ya mkate.

Watu walikohoa. Sijawahi kusikia kikohozi ndani ya zile dakika kumi na nne. Ni sauti mbaya sana.

Jumatano, 8 Februari

Alasiri mbaya kuliko jana. Katika kofi la pili Brannock alimuuliza Peel kwa sauti ya chini kama ameumia. Katika supu, Peel aliimimina pembeni, kwenye zulia. Mtu wa viti vya juu akapaza sauti, akawauliza harusi ni lini.

Bwana Truax amewahamisha. Kutoka nafasi ya pili kutoka mwisho hadi nafasi ya kwanza kabisa! Nafasi ya sarakasi za baiskeli, wakati watu bado wanatafuta viti na kukung'uta theluji. Ameniambia niwaambie kwamba Ijumaa, Bwana Harkness asipocheka, picha zao zitakuwa tayari zimeshafungwa kamba.

Nimekaa juu ya sanduku la Peel nikafikiri. Kumbe watu walikuwa wanachekea ule uadui. Mimi nimeutoa, nikatoa na kicheko. Mwingine angekata tamaa. Lakini njia ni rahisi: niliowapatanisha nitawagombanisha. Tena kugombanisha ni kazi nyepesi, kila mjinga anaiweza.

Nikapanda kilima. Nikamwambia Peel: Bwana Brannock anasema wewe ni mti wa kuanikia nguo, na kipaji chako kilikufa zamani, kimebaki kuzikwa. Tusi hilo nililitunga mwenyewe, nikalipenda.

Peel akatikisa kichwa, machozi yakamlenga. "Maskini Neely. Maumivu hayo yanasema, si yeye."

Nikashuka. Nikamwambia Brannock: Bwana Peel anasema wewe ni gunia la viazi vilivyooza na hata kunguni wa hoteli yako wanakuona aibu.

Brannock akatabasamu kwa huzuni. "Unaona, Lui? Anataka nimchukie, ili nisiumie siku atakayoondoka. Ana moyo mzuri yule mtu. Sikuwahi kuuona."

Nimepanda na kushuka mara nne. Matusi kumi na mawili kwa jumla, yote mazuri. Yamepotea bure.

Jumapili nilitaka mgongo upumzike. Leo sihisi miguu pia.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeamua kuacha maneno nitumie moto. Alasiri nilichemsha supu bila kumwambia Peel. Ikatokota. Peel akaimimina, safari hii barabara. Brannock akaruka juu, watu wakaanza kucheka, nami nyuma ya pazia nikapiga goti nimshukuru Mungu. Lakini Brannock akauma meno, akatua, akamwekea Peel mkono begani, akasema mbele ya watu wote, "Haidhuru, rafiki yangu."

Kimya. Ukumbi mzima kama kanisa siku ya Jumatatu.

Baadaye nilimpaka Brannock mafuta ya nguruwe paja lote. Alisema mikono ya Peel inatetemeka kwa kuwaza jinsi atakavyomwacha. Peel naye akaja kuniuliza nani aliliwasha jiko. Nikasema majiko ya Erie yana tabia hiyo.

Nikabakiwa na silaha moja tu, kubwa kuliko zote. Wheeling. Nikapanda kwa Peel nikamwambia kwamba Brannock anatangaza mji mzima kuwa yale maneno ya mjomba aliyatunga yeye, na kwamba Peel ni mwizi wa kicheko. Niliyasema kwa sauti kubwa. Nilirudi nyuma hatua moja, maana mtu yeyote wa kazi hii angerusha kiti.

Peel aliinuka. Akafungua dirisha, akafunga. Akasema, "Ana haki. Kilikuwa chake. Mwambie nakirudisha."

Sikumwambia. Nilidhani ni maneno tu. Lakini jioni, Brannock aliposema, "Basi hutalala peke yako," Peel akafunga mdomo. Hakusema neno la mjomba. Akasimama tu, mikono imening'inia, akamwachia Brannock nafasi. Watu wachache wakacheka, kicheko kidogo, cha huruma, lakini kilikuwa cha Brannock chote. Brannock hakusogea. Nilimwona kutoka pembeni, anamtazama Peel. Pazia liliposhuka walisimama wanatazamana, mara ya kwanza kwa miezi kumi na moja, na kila mmoja akafungua kinywa. Halafu Peel akakumbuka kuwa mwenzake anakufa, na Brannock akakumbuka kuwa mwenzake anaondoka. Kila mmoja akaingia chumba chake akafunga mlango.

Nakiri kwa dakika moja nilisahau mgongo wangu. Kisha nikakumbuka Harkness anakuja kesho.

Ijumaa, 10 Februari

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu iko chini.

Bwana Harkness alikaa mstari wa tatu, kofia magotini, uso kama mlango uliofungwa. Nilichemsha supu. Kwa nini, sijui. Nilikuwa na tumaini, na mtu mwenye tumaini huchemsha kitu.

Wakaanza. Mgeni anaingia, anaomba chumba. Kofi la kwanza lilikuwa la pamba. Hakuna aliyecheka. La pili, Brannock alinyanyua mkono na mkono ukabaki hewani. Peel akamwangalia ule mkono. Na hapo Peel, ambaye katika miaka kumi na minne hajaongeza neno lisiloandikwa isipokuwa mara moja, akasema:

"Neely, daktari amekupa miezi mingapi?"

Brannock akasema, "Daktari gani?"

"Usinifiche. Najua unakufa."

"Mimi? Nani anakufa? Si wewe unayeniacha!"

"Nikuache niende wapi, we kichwa maji? Nani atanichukua na uso huu?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha mstari mzima. Walidhani ndivyo mchezo ulivyo.

"Nani kakwambia nakufa?"

"Ulinipa soseji!"

"Soseji ipi? Soseji yangu ililiwa na ndege!"

"Ndege gani, Februari hii? Kaileta Lui, na mkia wake umetafunwa!"

Ukumbi ukaanza kupiga miguu sakafuni. Brannock akasimama mikono kiunoni, akafikiri. Niliona fikra ikipanda usoni mwake kama maji kwenye ndoo.

"Amos. Wewe ndiye uliyesema makofi yangu ni ya kiungwana?"

"Nife kwanza. Wewe ndiye uliyeniita mti wa kuanikia nguo?"

"Ningekuita hivyo, lakini sikuwahi kuliwaza. Zuri hilo."

"Zuri sana," akasema Peel.

Wakageuka pamoja, kichwa kimoja, wakatazama pembeni ya jukwaa, mahali nilipokuwa nimesimama na sufuria. Nilitaka kukimbia. Nyuma yangu kulikuwa na baiskeli za sarakasi.

Wakaja. Wakanishika kola, kila mmoja upande wake, wakaniburuta mbele ya taa. Nilijaribu kueleza kuhusu masanduku mawili. Nilisema mgongo. Nilisema kilima. Kila nilichosema watu walilia kwa kucheka. Brannock akanipiga kofi, la kweli, lile la Wheeling, limehifadhiwa siku tatu. Halafu Peel akachukua sufuria yangu mwenyewe, supu niliyoichemsha kwa mikono yangu mwenyewe, akanimiminia ndani ya suruali, kwa nyuma.

Niliimba kwa Kislovenia. Bwana Harkness alidondosha kofia na hakuiokota.

Wiki thelathini. Majumba makubwa ya Magharibi. Bwana Truax amewarudisha nafasi yao, na kamba ya picha imefunguliwa.

Jumamosi, 11 Februari

Asubuhi Bwana Brannock na Bwana Peel walikunywa kahawa meza moja, mimi nimesimama kwa sababu zangu. Walikuwa wanacheka. Peel alisema yale maneno ya mjomba wayaseme kwa zamu, siku moja yeye, siku moja Brannock. Brannock akasema hapana, yalikuwa yako, siku zote yalikuwa mazuri, mimi nilikuwa na hasira za Ida. Peel akasema Ida alikuwa na kicheko cha bata. Wakakubaliana kwa hilo pia.

Nikawakumbusha aliyewapatanisha ni nani.

Wakakubali, ni mimi. Brannock akanipa soseji nzima. Halafu Peel akakohoa, akanieleza jambo kwa upole. Wamenunua sanduku moja kubwa. Watakaa nyumba moja. Lile sanduku lina vishikio viwili, Brannock atashika kimoja na Peel kingine. Na maneno watasemeshana wenyewe.

Kwa hiyo hakuna cha kubeba.

Nikauliza habari ya yule mtu wa tatu kwenye mchezo, yule anayeburutwa, maana Harkness ameagiza abaki. Nikasema kofi naliweza na supu nimeizoea. Wakatazamana. Wamemchukua mfagiaji wa Bwana Truax. Brannock aliniwekea mkono begani. "Si kwa ubaya, Lui. Yule hasemi sana."

Alasiri nilimwangalia mfagiaji akiburutwa. Anaanguka vibaya, hana hisia. Lakini watu walicheka, na wale wawili walipigana makofi kama zamani, yanalia mpaka viti vya juu, kisha pazia likishuka wanaulizana, "Nimekuumiza?" "Hata kidogo, piga zaidi." Kumbe inawezekana hivyo. Ningejua mapema ningewaambia.

Jumapili, 12 Februari

Nipo kwenye treni ya kwenda Cleveland. Nimepata kazi! Stesheni asubuhi, nikiwaaga Brannock na Peel (walibeba sanduku lao wakiimba, wakaliangusha mara mbili), nilikutana na Bibi na Bwana Oberholt. Wanahitaji mbebaji. Bibi Oberholt anarusha visu. Bwana Oberholt anasimama mbele ya ubao, navyo vinamzunguka, kumi na vinane, viwili vya mwisho kila upande wa shingo. Ni watu wa heshima. Masanduku matatu, lile la visu zito kama jiwe la kusagia.

Hawasemeshani. Tangu Krismasi. Bibi amekaa behewa la mbele, mumewe behewa la nyuma kabisa, na katikati kuna mabehewa saba. Nimeshatembea mara mbili. Mgongo wangu umeanza kunikumbusha.

Nilipata ujumbe wa kwanza saa sita. Bibi Oberholt alikuwa anasugua kisu kwa kitambaa, hakunitazama. Akasema, "Mwambie kesho asipumue kuanzia kisu cha kumi na tano. Akipumua, shauri yake."

Nikapita mabehewa saba. Bwana Oberholt alikuwa peke yake, kola imefungwa, anatazama theluji. Mtu mzuri, mpole, ana kovu dogo sikioni. Aliponiona akauliza kwa haraka, mkewe amesema nini, ana hasira bado?

Uso ule! Sikuweza. Nikamwambia: Bibi anasema kesho usiwe na wasiwasi, pumua unavyotaka.

Akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza tangu Krismasi, ameniambia mwenyewe. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa.

Hawa ni wepesi kuliko wale wa kwanza. Tukifika Cincinnati watakuwa nyumba moja.